Sindano ya Kumi na Sita

Blaise, mwenye duka la mashine, alituuliza swali la kawaida kabisa la mfanyabiashara, tena kwa heshima zote: "Ba mama, munataka mashini ya sindano ngapi?" Mimi nikamtazama Mama Ange, Mama Ange akanitazama mimi, na hapo mambo yakaharibika. Tulicheka hadi nikajikuta nimekaa juu ya katoni lililoandikwa pande zote nne kwamba lisikaliwe. Mama Ange alishikilia mlango ili asianguke. Watu waliokuwa wakipita kwenda stesheni walisimama waangalie kama kuna harusi au kuna msiba, na Blaise maskini akaanza kujikagua zipu ya suruali.

Hakujua ameuliza nini. Angejuaje? Wakati ninaousema yeye alikuwa bado anang'oka meno ya utoto.

Basi nieleze. Mimi ni Sharifa, ila tangu nizae binti yangu wa kwanza watu wa Mikelenge, mtaa wetu hapa Kindu, wananiita Mama Latifa. Mwenzangu ni Jacqueline, ndiye Mama Ange, wa mtaa wa Kasuku. Yeye mtu wa kanisa, mimi mtu wa msikiti, na tunadarizi pamoja tangu tukiwa wasichana. Mwaka wa elfu mbili na mbili, vita vilipotuzunguka, treni iliacha kuja, barabara zikafungwa, na Kindu nzima ikawa inakula ilichonacho na kuvaa ilichonacho. Chumvi ilipimwa kwa kijiko cha chai. Sisi wawili tulikuwa na sindano moja. Sisemi moja nzuri na nyingine mbovu. Moja.

Sindano ile ilikuwa na ratiba nzito kuliko mkubwa yeyote wa mji. Leo kwangu, kesho kwake. Kila Ijumaa ilikuwa yake, kwa sababu mimi nilikuwa na sala. Jumapili ilikuwa yangu, kwa sababu yeye alikuwa na misa. Haikupata siku ya kupumzika. Ilisafiri kutoka Mikelenge hadi Kasuku na kurudi ikiwa imechomekwa ndani ya ukosi wa blauzi, juu yake tumefunga kitambaa, maana wenye bunduki walichukua kila kinachong'aa. Uzi mweupe tuliuchomoa kwenye magunia ya unga wa msaada. Mwekundu ulitoka kwenye sweta ya babu yake Jacqueline, sweta ya sufu ambayo Mungu peke yake anajua nani aliileta Kindu kwa joto hili. Kila bibi harusi wa mwaka ule alilalia maua mekundu na meupe, akashukuru.

Halafu mtu anasimama mbele yako na kukuuliza unataka ngapi.

Siku hizi tuna ateliye yetu nyuma ya soko. Tunadarizi kofia, mashuka ya harusi, sare za kwaya, jezi, na majina ya watoto kwenye mashati ya shule ili wasiibiane. Oda zinatufuata kutoka Kailo, na mara moja ilikuja moja kutoka Punia ikiwa na matope yake yote. Mikono yetu minne haitoshi tena. Zamu yetu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana wa wamama wa soko, ilikuwa imefika, hela ilikuwepo, na habari ya hela naiachia hapo kwa sababu haina utamu.

Utamu ulikuwa dukani kwa Blaise. Alikuwa ameteremsha kwa ndege mashine za kudarizi za aina mbili. Kulikuwa na kubwa moja, ya sindano kumi na tano. Kulikuwa na ndogo mbili, kila moja na sindano yake moja. Bei ya zile ndogo zote mbili ilikuwa sawa na ya ile kubwa, kwa hiyo tulitakiwa kuchagua: kubwa moja au ndogo mbili. Tusizozichukua angezipeleka Kisangani Jumamosi.

Mimi nilichagua nikiwa bado mlangoni. Sindano kumi na tano zimesimama mstari mmoja, kila moja na uzi wake, kuanzia nyeupe hadi rangi ambazo sina majina yake. Unabonyeza, mashine inabadili rangi yenyewe, wala haikuombi ruhusa. Nilizihesabu mara tatu na kila mara zilikuwa kumi na tano. Ili nisionekane mjinga, niliuliza maswali yote ya mtu mwenye akili: jenereta itakunywa mafuta kiasi gani, fundi wake yuko wapi (Goma, Blaise alijibu huku akitazama dari), inadarizi kitambaa bapa tu au na kofia pia. Akatoa fremu ya mviringo ya kushikia kofia, akaipachika mbele yangu. Hapo nikawa nimekwisha. Nilikuwa tayari kuolewa na mashine ile, mume wangu Hamidou angenisamehe.

Mama Ange aliizunguka pole pole, akazigusa zile ndogo, akasema: "Tukamate hizi mbili. Moja yako, moja yangu."

Kicheko kilinikauka. Moja yako, moja yangu ni maneno ya watu wanaogawana sufuria. Mashine mbili ndogo zinaweza kukaa katika nyumba mbili, zikawa na vibao viwili vya biashara na wateja wa pande mbili, na mimi nikabaki nadarizi na nani? Nilidarizi na mwanamke huyu katika mimba zangu zote tano. Niliogopa, nasema wazi. Nilijifanya nachunguza waya wa umeme.

Niliogopa zaidi kwa sababu nilijua ninastahili. Kuna jambo sikuwahi kumwambia.

Wiki moja kabla ya harusi yangu, mwaka uleule wa sindano moja, nilikuwa bado sijamaliza kofia ya Hamidou. Ni kofia ya mkono, yenye matundu madogo ambayo kila moja linazungushiwa uzi peke yake, na bibi harusi wa kwetu asiyemvika mumewe kofia aliyoishona mwenyewe atasemwa hadi kwa wajukuu. Zamu ilikuwa ya Jacqueline. Naye alikuwa na kazi ya Pasaka: kitambaa cha altare, chenye masuke kumi na mawili. Nikamwambia sindano imedondoka. Kumbe nilikuwa nimeichomeka kwenye pindo la pazia.

Jacqueline hakulalamika. Alikuja na chekeche la unga wa muhogo, tukachekecha mchanga wa uwanja wetu alasiri nzima, yeye amepiga magoti upande huu na mimi upande ule, wote tunatafuta kitu ambacho mmoja wetu alijua kilipo. Kwa siku sita nilimaliza kofia nikijificha chumbani. Baada ya harusi nikaiokota, ajabu ya Mungu, karibu na mtungi. Pasaka ilikuwa imepita. Kitambaa kilikwenda altareni na masuke sita na nusu, na padri akaweka chombo cha maua juu ya pale palipobaki wazi. Hamidou anaivaa kofia ile kila Idi, na kila Idi mimi huangalia pembeni.

Blaise alitupa Alhamisi nzima ya kujaribu mashine kwa vitambaa vyetu wenyewe. Nilikuja na kipande cha kofia, nimejipaka hina kama ninakwenda kuposwa. Mama Ange aliingia na mfuko wa plastiki, akatoa nguo iliyokunjwa vizuri, akaitandaza juu ya meza ya mashine kubwa. Masuke sita na nusu.

Mama Ange alieleza kwa utulivu kwamba abbé, padri mpya, anataka kitambaa kikamilike kabla ya Pasaka, na kwamba mashine isiyoweza kumaliza suke haiwezi kutulisha. Hakunitazama wakati anasema. Blaise, kwa furaha ya mtu anayenusa biashara, alitafuta kwenye kumbukumbu ya mashine. Akapita waridi, tai, simba, herufi za kila namna, hadi akapata suke. Tulikubaliana kulijaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu.

Jenereta ikaguruma nje. Mashine ikaanza, na wallahi ilikuwa inaimba. Sindano zilipokezana zenyewe, ya njano, ya kahawia, ya kijani, bila kugombana na bila kufichana. Nilipiga makofi. Muda wa kunywa kikombe cha chai suke lilikuwa limekwisha, na Blaise akaliweka kando ya masuke ya Mama Ange kwa majivuno.

Suke la mashine lilisimama wima, gumu, lina ndevu kichwani kama brashi ya viatu. Masuke ya Mama Ange yalikuwa yameinama, yamelegea, punje zinaning'inia moja moja.

Blaise alitueleza kwamba lile ni suke la ngano, ngano ya mkate. Mama Ange akauliza kama ngano inasimamaga hivyo. Blaise akasema ndiyo, ndivyo ilivyo kwenye picha zote. Mama Ange aliendelea kukitazama kitambaa chake cha altare. Halafu akakumbuka kwa sauti: padri wa wakati ule alimwomba masuke, basi, hakusema ya nini, na yeye ngano hajaiona maishani mwake, kwa hiyo alikwenda shambani kwa shangazi yake, akachuma suke moja, akalidarizi kama alivyoliona. Alidarizi mpunga. Miaka ishirini na miwili parokia nzima imekuwa ikipiga magoti mbele ya mpunga.

Aliyeanza kucheka ni yeye. Akafuata Blaise, ambaye ni mtu wa kwaya na hakutakiwa kucheka. Mimi nilicheka hadi mbavu zikaniuma, nikamwomba Mama Ange asilitaje neno sombe, kwa sababu mboga hiyo pamoja na mpunga ule ingekuwa karamu kamili. Blaise akapendekeza kwamba mashine imalizie kwa ngano, wapo watakaoona ni fasheni. Mama Ange akatikisa kichwa. Yale matano yaliyobaki Blaise angeweza kumtafutia fundi wa kuyachora upya kwa mashine, mpunga kama mpunga. Lakini lile la nusu, lililokwisha anzwa kwa mkono, mashine hailiwezi. Akaweka kidole pale uzi mwekundu ulipokatikia.

Nilikuwa bado nacheka, na kicheko ndicho kilichonitoa maneno. Bila kicheko nisingeweza.

"Mama Ange," nilisema, "ile sindano haikupoteaka. Niliifichaka mu rideau."

Blaise alizima mashine, sijui kwa nini. Mama Ange aliondoa kidole kwenye kitambaa.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijua lini.

"Ile siku tu. Tulikuwa tunatafuta sindano mu muchanga, na kidole yako inatoka damu. Muntu amepoteza sindano, anajichoma na nini?"

Nilitamani sakafu ya duka inimeze pamoja na makatoni yake. Alikuwa anajua, na bado alipiga magoti juani alasiri nzima akichekecha mchanga. Nilimuuliza kwa nini. Akasema nilikuwa bibi harusi, shangazi zangu wote walikuwa wamekaa barazani wanatutazama, na kama angeinuka yeye, ningeulizwa mimi.

"Nilisema, acha amalize kofia yake, ataniambia kesho. Kesho hukusema. Mwaka ukaisha, hukusema. Sasa muntu wa kuficha na kunyamaza hivi, nitagawana naye mashini moja namna gani? Njo maana nilitaka mbili." Akakunja mdomo ili asitabasamu, akashindwa. "Leo umesema. Tukamate mukubwa."

Nililia na kucheka kwa pamoja, jambo ambalo kwa umri wangu halipendezi. Nilimkumbatia hadi akasema nitachafua nguo ya kanisa kwa hina. Kisha akaingiza vidole ndani ya ukosi wa blauzi yake na kutoa sindano. Ile ile. Niliitambua kwa tundu lake lililopinda kidogo. Siku hali ilipotulia na sindano zikajaa sokoni ilikuwa zamu yake, na tangu hapo mimi sikuiulizia tena. Akaniwekea kiganjani pamoja na kipande cha uzi mwekundu, akasema ile nusu ni kazi yangu.

Nikakaa juu ya katoni, lile lile, nikadarizi nusu suke la mpunga. Mbele yangu Mama Ange, mke wa watu, mama wa watoto sita, alikuwa amesimama kwenye mashine ya sindano kumi na tano akibonyeza kila kitufe alichokatazwa na kutangaza rangi kwa sauti kama mtoto aliyepewa firimbi. Kofia yangu ya majaribio ilitoka na simba wa zambarau. Nilijichoma mara mbili. Mara ya pili aliniona, akamwambia Blaise kwamba sasa ana uhakika sindano iko wapi.

Jua lilipoanza kuteremka Blaise alitoa karatasi yake, akaandika akisoma: mashini moja, sindano kumi na tano.

"Andika kumi na sita," Mama Ange alimwambia.

Blaise alitutazama, akaona bora atii, akaandika. Mimi nilikuwa nimekwisha funga fundo la mwisho. Suke la saba lilikuwa limeinama vizuri pamoja na wenzake. Nikaichomeka sindano ndani ya ukosi wangu, nikafunga kitambaa juu yake, tukaenda kutafuta watu wa kubeba mashine.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, zamu ya Mama Ange. Nilimpelekea sindano asubuhi, kabla hata sijanywa chai.