Mzani wa Mzee Mwesiga

"Tulia, mzee, usije ukaning'inia kama mkungu," Nikuze alisema, na wakulima waliokuwa wamekalia magunia yao ya kahawa ya maganda wakacheka.

Mzee Mwesiga hakucheka. Alikuwa amekalishwa ndani ya turubai lililofungwa kwenye ndoano ya mzani, ghalani kwake Nyakakika, mapaja yaliyokatwa yamefunikwa kwa kitenge cha mkewe. Sukari ilimla miguu yote miwili. Kifua na tumbo vilibaki vilevile, vya mtu aliyenunua kahawa ya kata nzima tangu alipohamia kutoka Muleba. Mzani wa zahanati ni wa kusimama, na yeye hasimami tena. Ndiyo maana alipimwa pale anapopimia kahawa.

Alikuwa amechoka kusukumwa kwenye toroli. Alitaka ubao wa magurudumu manne wenye mota, aukalie, ajiendeshe mwenyewe hadi kanisani na kurudi. Kati ya kanisa na nyumba yake kuna kilima kikali, chenye korongo pembeni. Nikuze, binti wa Hagenimana, ndiye fundi pekee wa pale anayefungua pikipiki ya umeme ikafungika tena. Lakini pikipiki iliyozimika husukumwa nyumbani. Ubao huu ukizima kilimani, mzee asingekuwa na miguu ya kukanyagia chini.

Mshale ulisimama.

"Themanini," Nikuze alisoma.

Wakamshusha, yeye na Xaveria, mke wa mzee. Nikuze ameshabeba mifuko mingi ya saruji. Mikono yake inajua kilo. Mikono haikusema themanini.

"Mzee, mzani huu uko sawa?"

Bibi Laurensia, wa kwanza kwenye foleni, aliacha kutafuna.

"Mwanangu," Mwesiga alisema taratibu, "mzani huu umewapimia watu wote hawa. Waulize."

"Siulizi kwa ubaya, waitu, mzee wetu. Nachagua mota. Ukiwa themanini, mota moja ya ndani ya gurudumu inatosha. Inakupandisha, inakushusha, maana breki ni mota hiyohiyo. Ukipita tisini, inachemka. Hapo zinatakiwa mbili, kila moja na mkanda wake, meno machache upande wa mota, mengi upande wa tairi. Mwendo unapungua, nguvu inaongezeka." Akainama karibu naye. "Niweke mbili tu, mzee. Ya pili iwe ya akiba."

Alimwona akifikiri. Alimwona akitazama magunia, kisha nyuso zilizokuwa juu ya magunia. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Mbili za nini?" Laurensia alidakia. "Au mzee amenenepa mahali mzani hauoni?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kile kilikuwa na masikio.

"Moja," Mwesiga alisema. "Namba umeisoma mwenyewe, fundi. Au hujui kusoma?"

Nikuze alifungua mdomo. Nyuma ya foleni mama yake, Costansia, alikuwa amesimama na gunia lake, akimtikisia kichwa aache. Familia iliyokuja na mabunda kutoka Rwanda haibishani na mnunuzi msimu wa kahawa.

Akaweka moja.

Jumapili, mzee alitoka misani kama bwana harusi, ameukalia ubao wake, mkono mmoja kwenye kidhibiti mwendo, mwingine ukiwapungia watu. Kilima kikaanza. Nikuze alikuwa nyuma yake kwa miguu, akisikiliza. Katikati ya mwinuko mota ilianza kulia, sauti nyembamba kama ya mbu, kisha ikaja harufu ya waya unaoungua.

"Jitupe, mzee! Jitupe chini!"

Ubao ulisimama. Mota ilikuwa imekufa, na breki imekufa pamoja nayo. Ukaanza kurudi nyuma, kwanza polepole, ukampita Nikuze akiudaka na kuukosa, ukaingia korongoni na mtu wake.

Nikuze ndiye aliyemfikia kwanza. Mzee alikuwa akivuta pumzi kwa vipande.

"Ongeza robo," alisema.

"Robo ya nini, mzee?"

"Kila unachosoma mzani. Ongeza robo." Akamshika kiganja. "Usiwaambie."

Hawakuwahi hata kumfikisha barabarani.

Msibani, Xaveria alimwona Nikuze akiingia uani akanyanyuka kwenye mkeka.

"Uliniwekea takataka gani chini ya mume wangu?"

"Mtoto wa kuja huyo," mtu akasema. "Ufundi kajifunzia wapi?"

Costansia alimfinya bintiye mkononi. Alimfinya kwa kucha. Nikuze aliangalia chini, akaona vidole vyake mwenyewe, bado vina mafuta ya beringi, na akajua kwamba akinyamaza hapa, hakuna mtu wa Karagwe wala Kyerwa atakayempa tena chombo akiguse, na kaburi la mzee litaitwa lake.

"Niliweka mota ya mtu wa themanini," alisema, "kwa sababu mzani ulisema themanini. Mzee alikuwa mia. Aliniambia mwenyewe, kule korongoni. Kila unachosoma mzani ule, uongeze robo."

Kilio kikakatika uani.

Bibi Laurensia hakumtazama fundi. Alimtazama mjane.

"Tangu lini, Xaveria?"

Xaveria alijifunika kitenge kichwani.

"Tangu tulipojenga," alisema ndani ya kitambaa.

Laurensia alishika kiuno, akainuka kwenye mkeka, akaanza kutafuta viatu vyake mlangoni. Mwingine akainuka, kisha safu nzima. Jeneza lilikuwa bado ndani.