Mama Umemwacha Wapi?

Panya alikuwa majini, akizunguka ukingoni mwa beseni kubwa, pua juu. Jana alikijua kibao kilichofichwa chini ya maji. Alikwenda moja kwa moja, akapanda, akatulia. Leo, baada ya kupewa pombe, alikipita kama hajawahi kufika pale. Mtafiti hakushangaa. Panya wote waliopewa pombe walisahau hivyo hivyo.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mdogo wake wa kiume, harufu ya bia imemtangulia.

"Dada, nipe funguo za nyumbani. Zangu sizioni."

"Mama yuko na nani?"

"Mama?" Akacheka. Kicheko kikakatika.

Asubuhi ile kijana alikabidhiwa mama yao ampeleke kliniki kutiwa dawa ya macho, ile inayomwacha mtu haoni vizuri kwa saa kadhaa.

"Umemwacha wapi?"

"Tulitoka kliniki. Akasema amechoka, akakaa. Nikamwambia nakuja sasa hivi."

"Akakaa wapi?"

Alifumba macho, akajipiga paji la uso. "Dada, hakuna kitu. Sikumbuki kabisa."

Mtafiti alimtoa panya, akamrudisha kizimbani, akavua glavu. Akampigia mama. Simu ikalia mfukoni mwa mdogo wake.

Kliniki, mlinzi alisema mama ameondoka zamani na kijana wake. Wakaanza kuifuata njia ya kwenda baa alikokunywa kijana, dada kamkamata mkono wa shati. Magari yalipita kwa kasi.

"Hapa?"

"Labda."

"Labda ndiyo nini? Angalia vizuri!"

Kijana alikuwa analia sasa, akichungulia kila mlango. Duka la dawa, hayupo. Kwa fundi saa, hayupo. Katika duka la samani, mama alikuwa amekaa kwenye kochi jipya lenye nailoni, mkoba mapajani.

"Mwenye duka anataka kuniuzia," alisema aliposikia sauti zao. "Nimemwambia bado nalijaribu."

Hakuna aliyecheka. Mama akanyoosha mkono, akipapasa hewa. Kijana akarudi nyuma, kaziba mdomo.

"Njoo tu," mama alisema. "Harufu nimeshaisikia."

Akaja, akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili. Njia nzima dada alitembea nyuma yao, na kila walipovuka barabara alimshika mama upindo wa nguo.