Faili Lililoitwa Nyota

"Mtambo, kabla hujanywa chai njoo unifutie kitu," shangazi alimwita. Sebule ilikuwa imejaa ndugu na majirani, soga imepamba moto.

Mtambo ni jina alilopewa na ukoo mzima, maana kompyuta haikuwahi kumshinda. Akavuta kiti. Kwenye folda moja kulikuwa na sauti za marehemu mume wa shangazi: visa vyake, utani wake, kicheko chake. Simu iliyozirekodi ilishatumbukia kwenye ndoo ya maji, kwa hiyo zilibaki hapo tu.

"Hii moja ndiyo siitaki," shangazi alinong'ona, akionyesha faili ambalo jina lake lote lilikuwa nyota, *. "Ya wodini. Anakohoa mwanzo mpaka mwisho. Simu iliponiuliza jina nikabonyeza nyota, sikuwa na neno la kuiita."

Angeweza kulifuta kwa kipanya, yakaisha. Lakini jirani mmoja, domo kaya, alishaanza: "Kufuta tu mpaka aitwe fundi? Hata mimi naweza!"

Watu wakaangua kicheko. Mtambo akapandwa na mori, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. "Wewe kaa hapo utazame kazi."

Akaandika rm, amri ya kufuta, akaweka nafasi, akaweka nyota, akabonyeza.

Kidole hakijainuka vizuri, akagutuka. Hakuifunga nyota kwa alama za kunukuu! Kwenye dirisha lile, nyota iliyoachwa wazi maana yake ni vyote vilivyomo, na kule hakuna kapu la taka la kuokotea kitu. Alilijua hilo. Alishawafundisha wengine, kwa kuwafokea.

Akaiangalia folda: nyeupe. Akajaribu programu ya kufufua mafaili. Ikaleta vipande visivyofunguka.

"Haya baba, tuwekee ile anayocheka, wageni wasikie," shangazi alimwambia.

"Shangazi... zimefutika zote. Ni mimi."

Shangazi hakulia wala hakugomba, heri angemtukana. Akawageukia watu. "Nani anakumbuka alivyokuwa akicheka?"

Jirani akajaribu. Shangazi akatikisa kichwa. Wifi yake akajaribu, kwa sauti nzito zaidi.

"Hapana. Kilikuwa kinaanzia chini, halafu kinapanda."

Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, wakicheka kicheko kisicho chao, na Mtambo, ameiinamia kibodi, akawa anaomba walau kimoja kifanane.