Kikopo cha Mama Mkwe

Mtaa mzima walimwita Inua Ulimi. Kila asubuhi alipita mlango kwa mlango kuwasimamia wagonjwa wa kifua kikuu wakimeza dawa, na hakuna aliyemchezea shere. Ukishameza, fungua mdomo, inua ulimi, aone kwa macho yake, ndipo atie alama kwenye kadi.

Basi kikohozi kilipompata yeye mwenyewe, woga ukamwingia. Wiki ya tatu sasa alikuwa akikoholea ndani ya kanga. Nani angemfungulia mlango tena? Wangesema yeye ndiye aliyewaletea. Akatema makohozi kwenye kikopo cha maabara, na penye jina akaandika la mama mkwe wake. Majibu yakija mabaya, dawa ataletewa bibi kizee, msimamizi ni yeye mwenyewe, atazimeza kimyakimya na mambo yaishe. Ujanja huo!

Majibu yakaja mabaya. Nesi aliyaleta mwenyewe, na vidonge juu.

"Mtu hamsimamii wa nyumbani kwake, dada," alisema, akaweka kigoda mlangoni na kuketi. "Huyu nitamwangalia mimi, miezi yote sita."

"Lakini mimi sikohoi!" mama mkwe alishangaa.

"Vipimo havisemi hivyo, mama."

Bibi kizee akamgeukia mkwewe. "Eti, mwanangu, nimeze?"

Inua Ulimi alitamani ardhi ipasuke aingie. Akisema ndiyo, anamlisha mzee wa watu dawa kali za ugonjwa asio nao, huku wake ukimla taratibu. Akisema hapana, mtaa utajua leo leo, na kazi ndiyo basi tena. Mlango ni mmoja tu, na nesi kauziba. Koo likaanza kumwasha. Akajikaza.

"Sikumbuki kupimwa, ila kama umenipima wewe, mwanangu, mimi nani nikatae?" mama mkwe alisema. Akatia vidonge vyote vinne mdomoni, akanyanyua kikombe cha maji.

"Tema!"

Inua Ulimi alikuwa amepiga magoti, kiganja wazi chini ya kidevu cha bibi kizee. "Tema, mama, nakuomba! Ugonjwa ni wangu, kile kikopo kilikuwa…" Kikohozi kikamkata kauli, kikamkunja, kikamtoa machozi.

Bibi kizee akatema. Nesi akainuka, akafungua dirisha hewa ipite. Nje, majirani wawili walikuwa wakianika nguo. Akachukua kadi, akakata jina lililokuwapo.

"Haya, dada. Safari hii taja jina lako, nisikie."

Kule nje waliacha kuanika. Akalitaja.