Maktaba Mia na Kumi na Mbili

Haitham alifariki Jumatatu, baada ya swala ya alasiri, nyumbani kwake Jadida, maktaba ya thelathini na nane ikiwa nusu imejengwa. Aliulalia mkono wake mbele ya kompyuta, na mkewe Rahila akadhani amesinzia. Wakati watu wanakusanyika na kuulizana nani ataleta sanda, mashine iliendelea peke yake, mistari myeupe ikipanda kwenye kioo. Ilipokaribia magharibi ikaandika kwamba kazi imefaulu.

Maktaba hizo si za vitabu. Ni vipande vya programu ambavyo programu nyingine huviazima, kama nyumba kumi zinavyotwanga kwenye kinu kimoja. Haitham alizitunza mia na kumi na mbili, katika mfumo wa kompyuta usio mali ya mtu. Huujenga watu wa kujitolea wasiowahi kuonana, na hutumika katika mahospitali na viwanja vya ndege vya nchi ambazo Rahila hajui ziko upande gani. Mwaka ule ilibadilishwa kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mtu yakawa kitu ambacho mashine inakifahamu. Ikabidi maktaba zote zijengwe upya, moja moja, ya chini kabla ya ya juu. Ukiruka moja, zilizo juu yake huanguka. Wenziwe wakauliza nani atafanya. Haitham akaandika: nitazimaliza zote, Insha'Allah. Hakuna mwengine aliyeandika kitu.

Kaburini Shehe Nyange aliuliza, kama ilivyo ada, kama yupo anayemdai marehemu. Seremala mmoja akasema alimwazima ngazi haikurudi, amemsamehe. Mwengine akasema aliahidiwa kutengenezewa redio, amemsamehe. Watu wa maktaba hawakuwepo.

Siku ya nne, saa kumi, Haitham akaja. Alikuwa na sanda yake, pamba puani, ananukia kafuri. Alipitia mlango wa uani, akaacha udongo mwekundu juu ya jamvi, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kuanza maktaba ya thelathini na tisa. Rahila alimsalimu, hakuitika. Adhana ya magharibi ilipolia akanyanyuka akaondoka, na Rahila akafagia.

"Kaja?" aliuliza Bi Mwatum, mama yake Haitham, kutoka jikoni.

"Kaja, mama. Keshaondoka."

"Alipokuwa hai n'kimwita mara tatu hanyanyuki. Kafa ndo kajua saa."

Alicheka kidogo, kisha akafunika uso kwa upindo wa kanga.

Akawa anakuja kila siku. Majirani walizoea kumpisha njiani. Rahila aliyekaa naye karibu ndiye aliyeona vidole. Vilikuwa vinalika kwenye ncha, kama sabuni.

Shehe Nyange aliitwa, akasimama nje ya pazia kwa kuwa Rahila alikuwa amekaa eda ya mumewe.

"Mwanangu, ahadi ni deni. Sisi huku sote tushamsamehe. Hao jee?"

"Hao hawakuulizwa, Shehe."

"Basi waulize. Waseme tu wamemsamehe, mtu apumzike. Neno moja latosha, hata likiwa la Kizungu."

Rahila alikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne na kamusi iliyochanika jalada. Alitunga kwa siku mbili. Aliandika kwamba mumewe amefariki, kwamba aliwaahidi maktaba mia na kumi na mbili, na kwamba anawaomba wamsamehe.

Mratibu wa kazi alijibu siku ile ile. Alisema habari hiyo imewahuzunisha wote. Kisha akauliza kama maktaba ya sitini na moja itakuwa tayari wiki hii, kwa sababu kuna watu wanaisubiri.

Rahila akaandika tena. Mratibu akamfahamisha kanuni kwa upole. Mtunzaji huondolewa kazini asipojibu kwa siku tisini, na Haitham alijibu jana, saa kumi na robo. Kwa hiyo yupo. Kama kuna anayetaka kumpokea kazi, anyooshe mkono. Orodha ya waliopelekewa ujumbe ule ilikuwa na watu elfu moja na mia tatu. Hakuna aliyenyoosha.

Siku moja Rahila alichomoa waya wa umeme akauficha kwenye pipa la mchele. Haitham akaja, akakaa, akabonyeza vitufe mbele ya kioo cheusi mpaka magharibi. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu Rahila alikuta ukucha kati ya vitufe. Akauosha, akauzika uani, akarudisha waya.

Maktaba ya mwisho ilikamilika Alkhamisi moja, eda ikiwa imeshakwisha. Kioo kikaandika kwamba kazi imefaulu. Haitham akaweka mikono mapajani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azikwe. Bi Mwatum akaleta chetezo chenye ubani, akakaa chini karibu na miguu ya mwanawe. Rahila akaanza kusoma Yasin.

"Haya baba, nenda," alisema Bi Mwatum. "Nenda kalale."

Rahila hajafika katikati ya sura, ujumbe ukaingia. Mratibu aliwashukuru wote waliojitolea, bila ya kutaja majina kwa kuwa ni mengi. Alisema toleo jingine la kompaila limetoka, na maktaba zijengwe tena. Kwa kuwa Haitham anazijua, ameandikwa yeye. Mwenye pingamizi aseme.

Rahila aliandika kwamba yeye ana pingamizi. Akajibiwa kwamba si mwanachama.

Haitham alisoma ujumbe ule mpaka mwisho, akavuta kiti mbele, akaanza na maktaba ya kwanza. Rahila alimaliza Yasin, kwa kuwa haifai kuikatiza.

Siku hizi Haitham huja mapema, baada ya adhuhuri, kwa sababu kwa vidole saba kazi haiendi haraka.