Kipira cha Nywele za Mama

Nywele za Bi Kazija zilijulikana mtaani Kiponda kuliko mwenyewe. Mtu akiulizia nyumba yake aliambiwa, "Aa, yule wa nywele," akaonyeshwa mlango, ingawa waliopata kuziona kwa macho walikuwa wanawake tu, tena wa karibu, kwa kuwa Bi Kazija hakuwa mtu wa kukaa kichwa wazi. Zilimfika kiunoni na hazikuwa na haraka ya kuota mvi. Mashoga zake walimtania kwamba siku ya kugawiwa nywele alipanga foleni mara mbili, naye akiwajibu kuwa waliolala siku hiyo wasimletee lawama.

Kila Alkhamisi alasiri alikaa mkekani, akazitia mafuta ya nazi yenye asumini, akazisuka msuko mmoja mnene, akaufunga mwishoni kwa utepe aliouchana kwenye kanga kuukuu. Zeyana, binti yake mkubwa, aliuona utepe ule ni aibu ya bure. Yeye alikuwa na duka la vitu vya wanawake Mlandege, na vipira vya nywele alivyokuwa navyo vingetosha kuwabana wanawake wa Unguja nzima: vyembamba vya raba, vinene vilivyovikwa nyuzi, vya mahameli, na vile vilivyojisokota kama waya wa simu za zamani. Akimletea mama yake. Bi Kazija akivipokea, akishukuru, kisha akiwagawia watoto wa jirani.

"Vya kwenu vina meno," alimwambia siku moja. Zeyana akacheka, akayatia maneno hayo kapu moja na mengine ya watu wazima ambayo mtu huyasikia na kuyapitisha.

Ilham, mdogo wake Zeyana, aliyeolewa Fumba, alipomshauri mama azipunguze kwa sababu ya joto, Bi Kazija alimkatisha. "Nywele zangu ntakwenda nazo," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo. Haya Zeyana hakuyapitisha. Aliyashika kama wasia.

Kiharusi kilimpiga Bi Kazija mwanzoni mwa masika. Kilichukua upande wote wa kulia, kikachukua na ulimi. Kilimwachia mkono wa kushoto na macho. Macho yalikuwa yaleyale, yanamwona kila mtu na kumwelewa, na hilo ndilo lililomuumiza Zeyana kuliko yote. Mama yumo ndani, mzima, na hakuna pa kutokea.

Sasa, mtu akilala kutwa kucha, nywele kama zile hazilali naye kwa amani. Zilisuguana na mto, zikashikana, zikafanya mafundo ambayo chanuo lilikataa kupita. Zeyana alikaa kutwa nzima akizichambua kwa vidole huku mama akitiririkwa na machozi, akaapa hilo halitokei tena. Kesho yake dukani akachagua kama anavyomchagulia mteja anayetaka nywele zisicheze mpaka jioni: kipira cheusi, chembamba, kigumu, chenye kipande kidogo cha bati pale kilipoungwa. Akazivuta nywele zote nyuma, akazikunja fundo kisogoni, akakizungusha kipira mpaka kikakataa kuzunguka tena. Haukuchomoka hata unywele mmoja. Alifurahi, masikini, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Hakufikiri kwamba mtu mzima wa afya, fundo likimuuma, hugeuza kichwa akalala upande mwengine, na kwamba mama yake hakuweza kugeuka.

Ndipo mkono wa kushoto ulipoanza kupanda.

Mara ya kwanza ilikuwa Ijumaa. Maalim Shaame, aliyewasomesha Zeyana na Ilham Kurani chuoni walipokuwa wadogo, alikuwa mlangoni anapiga hodi, amekuja kumsomea mgonjwa kama alivyofanya kila Ijumaa baada ya alasiri. Bi Kazija akaunyanyua mkono taratibu, ukafika kichwani. Zeyana akaelewa papo hapo, au alidhani ameelewa. Mama anataka kujisitiri. Akauchukua mtandio kwenye kiti, akamfunika, akaukaza chini ya kidevu, na moyo wake ukajaa. Maradhi yamemnyang'anya mama maneno na miguu, lakini staha yake hayakuiweza.

Tangu hapo ikawa ndiyo kawaida ya nyumba. Mkono ukipanda, mtandio unakuja. Hata pasipokuwa na mgeni, Zeyana alisema labda amesikia sauti ya mwanamme uchochoroni, akamfunika. Bi Kazija akiuvuta mtandio, Zeyana akiurudisha na kumbembeleza kama anavyobembelezwa mtoto. Dukani aliwahadithia wateja, na wateja wakafuta machozi, wakasema mama kama yule haji mwengine.

Ilham alikuja kutoka Fumba akiwa na mkasi kwenye mkoba. Hakuwa na nia mbaya, na tumpe haki yake: alikuwa amekaa na kufikiri kuliko dada yake. Alisema mgonjwa wa kitandani anahitaji kichwa chepesi, nywele zikatwe zibaki za kuchana kwa mkono mmoja, zitaota akipona. Zeyana akamjibu kwamba yeye yuko Fumba kwenye nyumba mpya na upepo, haijui kazi ya hapa, na kwamba mama alishasema la kusema juu ya nywele zake. Wakarushiana maneno juu ya kitanda, mama katikati yao, macho yake yakitoka kwa huyu yakienda kwa huyu.

"Basi muulize mwenyewe," Zeyana akasema. "Muulize kama unataka radhi zake."

Ilham akapiga magoti. Akamuuliza mama kama anakubali apunguzwe nywele. Bi Kazija akamtazama mwanawe kwa muda, akaunyanyua mkono, akaupeleka nyuma ya kichwa, akalishika fundo kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Umeona?" Zeyana akasema. "Anazishika."

Ilham aliangua kilio. Aliurudisha mkasi mkobani, akaubusu ule mkono, akamtaka mama radhi kwa hata kulitaja jambo lile. Zeyana alimpigapiga mgongoni, na ndani ya roho yake alikuwa ameshinda, na ushindi ulikuwa mtamu. Jioni ile alilifungua fundo, akalifunga upya, akakaza zaidi, ili asije mtu akasema nywele za mama zimemshinda.

Ukweli aliupata dukani, mchana, kwa namna ya kipuuzi kabisa. Asubuhi kibanio chake kilivunjika wakati anafungua mlango. Akachomoa kipira kwenye pakiti ileile ya mama, akazibana nywele zake, akavaa mtandio juu, akaendelea na biashara. Kufika adhuhuri kichwa kilikuwa kinawaka. Alidhani ni njaa. Alikuwa anamkabidhi mteja mzigo wake kwa mkono wa kulia, na mbele yake kilikuwepo kioo cha wateja kujitazamia. Ndani ya kioo kile akauona mkono wake wa kushoto unapanda wenyewe, bila kuamrishwa, unakwenda kisogoni, vidole viwili vinatafuta njia ya kuingia chini ya mtandio.

Aliujua ule mkono. Aliutazama mwezi mzima na ushei akaufunika.

Hakufunga hata duka. Alimwachia jirani, akapita Darajani akisukumana na watu, akiomba njia na wakati mwengine haombi. Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kitandani. Alimwinua mama kichwa, akakikata kipira kwa kisu. Chini ya fundo, pale bati lilipokuwa likikandamizwa na mto, palikuwa na kidonda kibichi. Nywele za mapanjani, alipozigusa, zilimjia mkononi na mizizi yake. Bi Kazija alitoa pumzi ndefu, akafumba macho, akalala usingizi ambao Zeyana hakupata kuuona tangu kiharusi.

Zeyana alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti. Alikumbuka mtandio, kila mara alipourudisha. Alikumbuka mkasi wa Ilham na mkono ulioshika fundo, na akajiuliza mama alikuwa akisema nini siku ile: usizikate, au kata, kata sasa hivi. Hilo hakulijua, na hakuna wa kumwambia.

Alimpigia simu Ilham, akamweleza yote bila kujipunguzia. Ilham alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama keshalala?" Zeyana akasema ndiyo. "Basi mwache alale, dada." Hakumlaumu, na Zeyana angetamani amlaumu.

Kuanzia hapo alichagua upya, na safari hii hakuchagua kwa macho. Kila aina ya kipira iliyokuwemo dukani aliifunga kichwani mwake mwenyewe, akalala chali juu yake bila kugeuka, akijilazimisha kutosogea. Vya raba vilikula nywele. Vya waya wa simu viliacha alama kwenye ngozi. Vya mahameli vilikuwa na huruma, lakini viliteleza. Mwisho akafika alipokuwa mama yake tangu zamani: utepe mpana uliochanwa kwenye kanga iliyofuliwa mpaka ikalainika. Akazigawa nywele, akazisuka ubavuni, mbali na mto, akafunga utepe chini kabisa, na kila alipofunga alipitisha kidole ndani kuhakikisha kinapita bila kubanwa. Kidonda kikaanza kukauka. Mkono ukatulia.

Alimwomba mama msamaha. Bi Kazija alimtazama tu kwa macho yale yanayoelewa. Zeyana akajiwekea sheria moja: mkono ukipanda tena, sitafunika, nitafungua.

Ulipanda Ijumaa ya mwisho. Bi Kazija alikuwa amedhoofu, hata uji ulikuwa unarudi. Maalim Shaame alipiga hodi, Zeyana akamkaribisha, na mkono ukanyanyuka kuelekea kichwani. Zeyana akaruka. Akaufungua utepe. Mkono ukapanda tena. Akaufumua msuko wote, akazitandaza nywele juu ya mto, akaupapasa utosi, akiuliza kwa wasiwasi, "Wapi, mama? Wapi panapokuuma?" Mkono ukapanda mara nyengine, akachukua mtandio uliokuwa karibu na mto akauweka mbali, kwenye kiti, usimguse.

Maalim Shaame alikuwa ameshaingia. Aliinamisha macho, akakaa akiutazama ukuta, akasoma kwa ufupi kuliko siku zake, akaaga. Zeyana alimsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi alimkuta mama ameikamata pembe ya kanga aliyojifunika, ameivuta mpaka kidevuni, na nguvu zimemwishia hapo. Nywele zile ambazo mwanamme wa kando hakupata kuziona zilikuwa zimemwagika mto mzima.

Zeyana aliuchukua mtandio mbio, akamfunika. Lakini mgeni alikuwa ameshaondoka. Bi Kazija aliyageuza macho kwenye ukuta.

Alifariki kabla ya Ijumaa nyengine.

Bi Sichana, aliyekuwa akiosha maiti za wanawake wa mtaa, ndiye aliyeongoza kazi. Ilham alimimina maji, Zeyana alizishika nywele. Walizikosha, wakazikamua, wakazichana kwa upole. Zilikuwa zimepungua, lakini bado zilifika kiunoni. Bi Sichana akasema zisukwe mashungi matatu yawekwe nyuma, kama ilivyo sunna, na Zeyana akaomba azisuke yeye. Alikuwa na utepe wa kanga mkononi. Bi Sichana aliuchukua kwa upole, akamwambia rangi haziingii huko, akamchania vipande vitatu kwenye kitambaa cha sanda. Zeyana akafunga la kwanza, la pili na la tatu, na kila moja alipitisha kidole ndani kuona kama kinapita. Ilham alimwona, akageuka pembeni.

Kikabaki kitambaa cha kichwa. Wanaume nje walikuwa tayari na jeneza, na Bi Sichana akahimiza. Zeyana alimfunika mama yake utosi, akakishusha mpaka kwenye mapanja, akakizungusha shingoni bila kukaza. Kisha hakuondoa mikono. Bi Sichana alimwita jina, akamwita tena, naye akabaki ameinama pale, anautazama mkono wa kushoto ubavuni mwa mama, akiungoja unyanyuke umwambie kama safari hii amepatia.