Grisi Iliyoganda

Mlango wa chumba cha barafu ulijifunga mama mkwe wangu akiwa ndani, na rola inayoubeba juu ya reli ikagoma kuzunguka. Yeye ni mtunza ghala, mimi fundi. Alikuwa ameingia kuchukua katoni moja ya samaki, tena bila koti, eti "ni dakika moja tu."

Nilijua tatizo kabla sijapanda ngazi. Bosi, bahili wa kutupwa, alikataa kununua grisi ya baridi kali akaleta ya magari. Kwenye baridi ile, grisi ya magari inakuwa ngumu kama mshumaa, beringi zinabaki kavu, chuma kinakula chuma. Nilimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, akacheka. Sasa rola ilikuwa imelika upande mmoja na kung'ang'ania reli. Moto wa kuyeyusha grisi nisingeweza kuwasha, maana povu lililojazwa ndani ya mlango likiungua, moshi wake unaua. Msimamizi alikimbilia karakana kutafuta msumeno wa kukatia bati. Nilibaki na mtaimbo, na hofu.

"Shikamoo, mama," nilisema kwenye upenyo wa upana wa kidole uliobaki mlangoni. Ndiyo, nilimwamkia. Tangu nimwoe binti yake sikuwahi kuinua sauti mbele yake, wala kumtazama usoni sawasawa.

"Marahaba, mwanangu. Fungua basi, naganda huku."

"Mama, samahani, naomba... nikiinua mlango kwa mtaimbo, wewe usukume kwa nguvu. Tafadhali."

Nikainua. Hakuna kilichosogea. Nikainua tena.

"Mama?"

"Baridi imepungua," alisema taratibu. "Niache nijilaze kidogo."

Anayeganda akiacha kuhisi baridi, amekaribia kwenda. Nikabembeleza, nikaomba kwa heshima zangu zote. Akajibu kwa mguno. Heshima yangu ilikuwa inamlaza usingizi.

"Wewe mwanamke!" nikafoka. "Amka! Kumbe uvivu wa binti yako umetoka kwako!"

"Unasema na nani?"

"Na wewe! Chakula chako nakila kwa adabu tu, hata paka anakikimbia!"

"Mkosa adabu mkubwa we!" Teke likatua mlangoni.

"Ndiyo nguvu zako hizo, kizee?"

Likatua lingine, zito, nami nikajining'iniza kwenye mtaimbo kwa uzito wangu wote. Chuma kikalia, rola ikaruka reli, mlango ukasogea kiasi cha bega. Nikamvuta.

Aliniangukia kifuani, nyusi zimejaa barafu. Nikamfunika koti langu, nikamkumbatia mama mkwe wangu bila aibu. Akainua mkono. Nilingoja kofi, tena nililitamani. Kiganja kikanigusa tu shavuni, hakina nguvu, na macho yake yakaanza kujifumba.

"Rudia," alinong'ona. "Nitukane tena, mwanangu, nisilale."

Nikamtukana njia nzima mpaka hospitali, machozi yakinitoka.